Unakosa wapi? Dalili, vyanzo na tiba za maswali ya mantiki kwenye mitihani ya mchujo

Dada mmoja aliyekuwa akijiandaa na usaili wa mchujo aliniletea karatasi yenye maswali 40 ya mantiki. Alikuwa amekosa 19, na chanzo alishakipata mwenyewe: "Kichwa changu hakina hesabu." Tulikaa tukayapitia yale 19 moja moja, kabla ya kutazama jibu sahihi, na kila tulipofika kwenye swali nilimuuliza kitu kimoja tu: ulipochagua hili, ulikuwa unawaza nini? Mwisho wa zoezi, makosa 11 yalikuwa kosa lile lile. Alikuwa anageuza kauli. Akisoma "Karafuu zote ni viungo", kichwani mwake inabaki "Viungo vyote ni karafuu". Yaliyobaki yaligawanyika kwenye vyanzo viwili vingine. Hakuwa na matatizo 19. Alikuwa na matatizo matatu, na kila moja lina dawa yake.

Ninaandika nikiwa na mtu wa aina hiyo akilini: umefanya mazoezi mengi, alama hazipandi, na umeanza kuamini kwamba hukuzaliwa na akili ya mambo haya. Tafuta dalili inayofanana na yako, nenda moja kwa moja hapo. Si lazima usome kwa mpangilio.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopimwa. Umbo la zamani kuliko yote ni lile alilolichambua Aristotle katika karne ya 4 kabla ya Kristo, silojisimu: kauli mbili, kisha hitimisho. Kauli zenyewe ni za aina nne tu. Wote ni. Hakuna aliye. Baadhi ni. Baadhi si. Ukizipanga kauli hizo kwa kila namna inayowezekana unapata maumbo 256, na kati ya hayo yanayosimama ni 24. Hata hizo 24, maumbo 9 yanasimama pale tu unapokubali kwamba vitu vinavyotajwa vipo kweli. Itafakari idadi hiyo kabla hujaendelea. Hoja nyingi zinazosikika vizuri hazishiki. Ukiwa na mazoea ya kuuliza "je, hili linaweza kufuata?" badala ya "je, hili halina budi kufuata?", utaokota mitego mingi sana.

"Jibu ni la kweli kabisa, mbona nimekosa?"

Soma hii: Matunda yote yana vitamini. Baadhi ya vyakula vyenye vitamini ni vitamu. Kwa hiyo, baadhi ya matunda ni matamu.

Umeikubali? Wengi huikubali, kwa sababu embe wanalijua. Lakini hitimisho hilo halikutoka kwenye kauli mbili za mwanzo, limetoka sokoni. Badilisha maneno uache umbo lile lile: Paka wote ni wanyama. Baadhi ya wanyama ni mbwa. Kwa hiyo, baadhi ya paka ni mbwa. Umbo halijaguswa, na upuuzi umejitokeza.

Chanzo hapa ni imani kuingilia mantiki. Mwaka 1983 watafiti watatu wa Uingereza, Evans, Barston na Pollard, walilipima jambo hili. Hoja mbovu yenye hitimisho linaloaminika ilikubaliwa na asilimia 71 ya waliojaribiwa. Hoja mbovu yenye hitimisho lisiloaminika ilikubaliwa na asilimia 10 tu. Ubovu ni ule ule, kilichobadilika ni kama hitimisho linapendeza masikioni. Na upande wa pili kuna hasara pia: hoja iliyo sahihi kimantiki lakini yenye hitimisho la ajabu ilikubaliwa na asilimia 56 peke yake. Hii ya pili watunga mitihani wanaipenda mno. Watakuandikia: Vyombo vyote vya majini vina mabawa. Jahazi ni chombo cha majini. Kwa hiyo, jahazi lina mabawa. Hilo linafuata, bila shaka yoyote. Hukuulizwa kama jahazi linaruka.

Tiba: weka herufi mahali pa maneno kabla hujatazama hitimisho. Matunda yawe M, vitamini V, vitamu T. Halafu jiwekee akiba ya mifano mitatu minne ya kupinga kama ule wa paka na mbwa, uijue kwa moyo. Ukishuku umbo fulani, mimina paka, wanyama na mbwa ndani yake. Ukitoka upuuzi wakati kauli za mwanzo ni za kweli, hoja imekufa.

Ukijua kwamba wewe ndiye wa dalili hii, fanya mazoezi ya wiki nzima kwa maswali ya kipuuzi tu, yale ya madaftari kuwa mapapai. Yanachosha, lakini yanakuzoesha kusoma umbo.

"Nikisoma naelewa, nikifika kwenye hitimisho mambo yamegeuka"

Hili ndilo la yule dada, na ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote.

Kauli mbili zinageuzika: "Hakuna daktari aliye rubani" ni sawa na "Hakuna rubani aliye daktari", na "Baadhi ya wavuvi ni wakulima" ni sawa na "Baadhi ya wakulima ni wavuvi". Kauli mbili hazigeuziki. "Karafuu zote ni viungo" haikuambii lolote kuhusu viungo vyote, mdalasini upo. Na "Baadhi ya viungo si karafuu" ni kweli, ilhali "Baadhi ya karafuu si viungo" ni uongo.

Tiba yake ni ya mkono, si ya kichwa. Usiandike "karafuu = viungo" pembeni ya karatasi. Alama ya sawasawa ndiyo inayokudanganya, kwa sababu inasomeka kutoka pande zote mbili. Andika mshale: K → V. Mshale una upande mmoja. Nimeona mtu akipunguza makosa yake kwa siku tatu tu kwa kuacha alama ya sawasawa.

"Baadhi", "wengi", "si wote": hapa lugha yetu inatuponza

Mitihani hii mara nyingi huja kwa Kiingereza, nasi tunaisoma huku tukiitafsiri kimoyomoyo. Hakuna ubaya kutafsiri, mradi ujue wapi neno la Kiswahili lina mzigo ambao neno la mtihani halina.

Ukiniambia "Baadhi ya walimu wa shule ile ni wakali", nitaelewa kwamba wengine si wakali. Ndivyo tunavyoongea. Kwenye mantiki, baadhi maana yake ni angalau mmoja, na huenda ni wote. Kwa hiyo ukipewa "Baadhi ya walimu ni wakali", usikubali kamwe hitimisho "Baadhi ya walimu si wakali". Hutapata alama.

Neno "wengine" ni baya zaidi. "Wengine wamefaulu" yaweza kuwa na maana ya baadhi yao wamefaulu, au watu tofauti na hao wamefaulu. Unapotafsiri "some" kichwani, usiseme wengine. Sema "angalau mmoja", hata kama sentensi inakaa vibaya mdomoni.

Kisha "wengi". Wanafunzi wengi na wengi wa wanafunzi si kitu kimoja. La kwanza linasema idadi ni kubwa. La pili ndilo linalobeba "zaidi ya nusu". Tofauti hiyo inaleta alama kwenye mitihani kama LSAT, ule wa kuingia shule za sheria Marekani. Chukua darasa la watu 10. Zaidi ya nusu wanacheza mpira, yaani angalau 6. Zaidi ya nusu wanaimba kwaya, angalau 6. Jumla 12 kwa watu 10, kwa hiyo angalau 2 wanafanya yote mawili. Hitimisho "baadhi ya wanaocheza mpira wanaimba kwaya" linashika bila mashaka. Ungesema tu "watu wengi wanacheza, watu wengi wanaimba", hakuna linalofuata.

Na "si wote". Kiswahili hapa kinatusaidia kuliko tunavyojua. "Wasailiwa wote hawakuitwa" na "Si wasailiwa wote walioitwa" ni habari mbili tofauti kabisa, na sikio lako linazitenganisha bila kufundishwa. Litumie sikio hilo. Ila kumbuka jambo moja: kwa mantiki, "si wote walioitwa" haijakuhakikishia kwamba kuna hata mmoja aliyeitwa. Imekuambia tu kwamba yupo ambaye hakuitwa.

Maswali mengi ya mazoezi yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp yametungwa kwa ajili ya mitihani ya benki ya India, na huko kuna kauli ya "only a few", yaani "wachache tu". Wao wanaihesabu kuwa kauli mbili kwa pamoja: baadhi ni, na baadhi si. Wanakubali vilevile kwamba "A zote ni B" inazaa "baadhi ya A ni B", kwa maana wanachukulia A zipo. Mtihani mwingine hautakubali hilo. Kabla hujaanza kitabu chochote cha mazoezi, soma ukurasa wa maelekezo ujue wanachukulia nini. Watu wanauruka, halafu wanajilaumu kwa makosa ambayo si yao.

Kuna kosa jingine dogo linaloishi humu humu. Kauli zikiwa na "baadhi", mkono unakwenda wenyewe kwenye hitimisho lenye "baadhi". Zikiwa na "hakuna", unakwenda kwenye "hakuna". Wanasaikolojia Woodworth na Sells waliliona hili tangu 1935. Kinga yake ni kanuni mbili za kukariri, na hizi nazikariri hata mimi: kauli mbili za "baadhi" hazizai hitimisho, na kauli mbili za kukanusha hazizai hitimisho. Hakuna daktari aliye rubani, hakuna rubani aliye mwanafunzi. Kati ya daktari na mwanafunzi hujui kitu.

"Maswali ya 'ikiwa' yananishinda"

Mzazi akimwambia mtoto "Ukifaulu nitakununulia baiskeli", mtoto aliyefeli haendi kuidai. Kaelewa vizuri, na mzazi alikusudia hivyo. Ndiyo sababu maswali haya ni magumu: maisha yametufundisha kusikia ahadi mbili mahali ilipotolewa moja. Tena -ki- yetu inabeba wakati na sharti pamoja. "Akija tutakula" yaweza kuwa atakuja, tunamngoja tu. Yaweza kuwa haijulikani kama atakuja. Mtihani unataka sharti tupu.

Chukua hii: Mvua kubwa ikinyesha, barabara ya Jangwani inafungwa. Mtu wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa. Sasa jibu manne:

Mvua kubwa imenyesha. Barabara? Imefungwa. Sawa.

Barabara haijafungwa. Mvua kubwa? Haijanyesha. Sawa pia, na hili ndilo watu wanalolisahau.

Barabara imefungwa. Mvua kubwa imenyesha? Hujui. Huenda wanaitengeneza, huenda kuna msafara.

Mvua kubwa haijanyesha. Barabara iko wazi? Hujui, kwa sababu zile zile.

Mwanasaikolojia Peter Wason alitunga mwaka 1966 jaribio ambalo nakuomba ulifanye sasa hivi, kabla hujasoma jibu. Kuna kadi nne mezani: E, K, 4 na 7. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ni kadi zipi ni lazima uzifunue ili kujua kama kanuni imevunjwa?

Wengi husema E na 4, au E peke yake. Jibu ni E na 7. Kadi ya 4 haina uwezo wa kuivunja kanuni, iwe nyuma yake kuna irabu au konsonanti. Kadi ya 7 inaweza: nyuma yake ikiwa A, kanuni imekufa. Wanaopatia mara nyingi hawafiki hata mtu 1 kati ya 10, na hao ni watu wa vyuo vikuu.

Mwaka 1982 watafiti wawili, Griggs na Cox, walibadilisha kadi zikawa wanywaji: huyu anakunywa bia, huyu soda, huyu ni mtu mzima, huyu ni mtoto wa miaka 16. Kanuni: anayekunywa bia lazima awe ametimiza umri. Ghafla watu wengi wakapatia. Hakuna aliyehangaika kumkagua mnywa soda. Akili ni zile zile, ila safari hii walisimama kama wakaguzi.

Tiba ninayoitoa kwa dalili hii inatoka hapo. Kila ukikutana na sharti tupu, ligeuze liwe kazi ya mkaguzi wa tiketi. "Kila aliye ndani ya behewa la SGR lazima awe na tiketi." Unamkagua nani? Aliye ndani, na asiye na tiketi. Aliye na tiketi huna haja naye, anaweza kuwa bado anakunywa chai stesheni. Ukiishika picha hiyo, maneno kama "only if" (pale tu) na "unless" (isipokuwa) yanatulia: "Hutaingia isipokuwa una kitambulisho" maana yake ni kwamba asiye na kitambulisho haingii. Haijaahidi kwamba mwenye nacho ataingia.

"Nachora, mchoro unakubali, jibu linakataa"

Umechora picha moja, na katika picha hiyo hitimisho ni kweli. Lakini zilikuwepo picha nyingine mbili ambazo hukuzichora.

Wengi wetu tunachora duara huru, moja ndani ya jingine, au mbili zinazopishana. Hiyo ni namna ya mwanahisabati Euler, ya karne ya 18. Inafundisha vizuri, ila kwenye mtihani inakushawishi uchague mkao mmoja na kuuamini. Mimi nashauri namna ya John Venn, ya mwaka 1880, tuliyoionjeshwa shuleni kwenye mada ya seti kisha tukaiacha. Duara tatu zinapishana kila mara kwa mkao ule ule, zinatengeneza vyumba saba ndani. Huchagui mkao. Unachofanya ni kutia giza chumba kinachojulikana kuwa kitupu, na kuweka msalaba mahali panapojulikana kuwa na mtu.

Turudi kwenye matunda. "Matunda yote yana vitamini": tia giza sehemu yote ya duara la matunda iliyo nje ya vitamini. "Baadhi ya vyenye vitamini ni vitamu": msalaba unakwenda pale vitamini na vitamu vinapopishana. Lakini mahali hapo pana vyumba viwili, kimoja ndani ya matunda na kimoja nje. Hujui ni kipi. Basi msalaba unaukalisha juu ya mstari. Hitimisho "baadhi ya matunda ni matamu" lilihitaji msalaba ulioingia ndani ya chumba. Umekaa mlangoni. Halifuati.

Sasa jaribu hii: Baadhi ya wavuvi ni wakulima. Wakulima wote wana jembe. Anza na giza, daima. Tia giza wakulima walio nje ya jembe. Sasa tafuta mahali pa msalaba kati ya wavuvi na wakulima: chumba kimoja kimeshatiwa giza, kimebaki kimoja, na kiko ndani ya jembe. Msalaba umeingia wenyewe. Baadhi ya wavuvi wana jembe, linafuata. Ungeanza na msalaba ungeuweka kwenye mstari, ukasahau kuusogeza, ukakosa swali rahisi.

Angalia pia swali linataka nini. "Ni lazima" na "inawezekana" ni kazi mbili zinazokwenda kinyume. Kwa "ni lazima", tafuta picha moja inayolivunja hitimisho, ukiipata, limeanguka. Kwa "inawezekana", tafuta picha moja inayolikubali, ukiipata, limesimama.

"Mafumbo ya mpangilio yananilia muda wote"

Watu watano wako kwenye foleni ya tiketi za feri: Asha, Baraka, Chausiku, Daudi na Eliya. Chausiku si wa kwanza. Daudi yuko nyuma ya Asha bila mtu katikati. Eliya yuko mbele ya Baraka, na kati yao kuna watu wawili kamili. Wamepangaje?

Anayekwama hapa karibu kila mara ameanza na dokezo la kwanza kwa sababu ni la kwanza. Hebu tupime uzito wa kila dokezo. Watu watano wanaweza kupangwa kwa namna 120. "Chausiku si wa kwanza" inakuachia namna 96. Haijakufanyia kazi yoyote ya maana. "Daudi nyuma ya Asha" inakuachia 24. "Eliya mbele ya Baraka, wawili katikati" inakuachia 12, kwa sababu Eliya na Baraka wanaweza kuwa nafasi ya 1 na 4, au ya 2 na 5, basi.

Anza na hilo zito. Mstari wa kwanza: Eliya 1, Baraka 4. Asha na Daudi wanahitaji nafasi mbili zinazofuatana. Zimebaki 2, 3 na 5, kwa hiyo ni 2 na 3. Chausiku 5. Si wa kwanza, sawa. Mstari wa pili: Eliya 2, Baraka 5. Asha na Daudi ni 3 na 4, Chausiku anaangukia 1. Dokezo limekataa. Jibu ni Eliya, Asha, Daudi, Baraka, Chausiku, na umechora mistari miwili tu.

Madokezo ya kukanusha, "si wa kwanza", "hakai karibu na", yawekwe mwisho. Kazi yake ni kuua mistari ambayo umeshaichora, na kazi hiyo huifanya vizuri sana.

Kwa taarifa ya wanaojiandaa na LSAT: sehemu ya mafumbo ya namna hii iliondolewa kuanzia Agosti 2024. Ukiwa na kitabu cha zamani, usipoteze mwezi mzima huko. Kwenye mitihani ya ajira bado yapo.

"Nyumbani napata, ukumbini nakosa"

Watu husema ni hofu. Huenda ipo, lakini angalia kwanza kama uliwahi kufanya mazoezi kwa saa. LSAT inatoa dakika 35 kwa maswali kama 25, yaani sekunde 84 kwa swali. Ukizoea dakika nne nyumbani na chai mkononi, hicho ulichokuwa unafanya ni mtihani mwingine.

Lakini usianze na saa pia. Anayejipima muda kabla hajajua umbo la makosa yake anajifunza kukosea haraka. Kwanza bila saa mpaka makosa yapungue, kisha kwa muda mara mbili ya ule wa mtihani, kisha muda wenyewe. Na ujue kama jibu baya linakatwa alama. Kwenye mitihani ya benki ya India linakatwa robo ya alama. Kwenye LSAT halikatwi, kwa hiyo kuacha swali tupu ni kutupa bahati.

Kwenye maswali yenye machaguo ya kweli, si kweli na haiwezekani kusema, presha ya muda humsukuma mtu alikimbie hilo la tatu, kana kwamba kulichagua ni kukiri ujinga. Hilo ni jibu kamili kama mengine. Kifungu kikisema kampuni ilifungua matawi mapya mwaka jana, na kauli ikasema faida ya kampuni iliongezeka, haiwezekani kusema. Hata kama unaijua kampuni yenyewe.

"Nimefanya mamia ya maswali, alama ziko pale pale"

Umekuwa unafanya swali, unatazama jibu, unasema "aah, kumbe", unakwenda mbele. Hiyo "kumbe" haibaki kichwani hata siku mbili. Chukua daftari, kwa kila swali ulilokosa andika uliwaza nini, kisha jina la kosa: imani, kugeuza, baadhi, sharti, mchoro, mpangilio, au haraka. Usiandike jibu sahihi. Baada ya wiki yarudie maswali yale yale. Unayoyakosa tena ndiyo masomo yako ya wiki inayofuata, achana na mengine.

"Nimehakiki mara tatu, jibu la kitabu bado linanipinga"

Basi huenda kitabu ndicho kilichokosea. PDF zinazosambaa zina majibu mabovu, na nimewaona watu wakiipindisha akili yao nzuri ili ilingane na jibu baya. Fanya hivi: tunga mfano wa vitu halisi ambao kauli zote za mwanzo ni kweli na hitimisho la kitabu ni uongo. Ukiupata mmoja tu, hakuna mwalimu wala kitabu kinachoweza kulitetea umbo hilo. Mathalani kitabu kimeandika kwamba "A zote ni B, hakuna C iliyo A" inazaa "hakuna C iliyo B". Weka paka kwa A, wanyama kwa B, mbwa kwa C. Paka wote ni wanyama, kweli. Hakuna mbwa aliye paka, kweli. Hakuna mbwa aliye mnyama? Kata jibu hilo kwa kalamu, andika mfano wako pembeni, nenda swali linalofuata.